Taa Mpya na Macho ya Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Novemba

Mkuu wa mradi amenikabidhi boksi lenye taa tatu za kichwani, zote za kuchaji. "Chagua moja," akasema. "Utakayochagua ndiyo tutakayotumia msimu wote." Akapanda gari, akarudi zake mjini. Mbele za watu nilijifanya ni jambo la kawaida tu. Nilipoingia chumbani nilizipanga kitandani nikazigeuza moja moja mpaka maharage yakaungua jikoni.

Mwaka jana niliandika ovyo, nikaja nikashindwa kuelewa maandishi yangu mwenyewe. Mwaka huu naanza mwanzo. Kazi yetu ni kuhesabu komba. Tunatembea usiku kwenye njia ya kilomita mbili ndani ya msitu, polepole, mmoja mbele anamulika miti, mwingine nyuma anaandika. Komba akipigwa na mwanga macho yake yanang'aa kama makaa mawili. Mara nyingi huoni mwili wala mkia. Unahesabu macho, unagawa kwa mbili.

Anayehesabu ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu, huu ni mwaka wake wa tisa. Mimi huandika. Ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii, na hajawahi kunipa nafasi ya kusahau. Wa tatu ni Redio, dereva wetu na mpishi, anayeitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Kambi ni vyumba vinne vya mabati, paneli moja ya jua juu ya paa la jikoni, na lami ipo mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka hapa. Taa ikikufia huku hakuna duka la kukimbilia.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepima usiku kucha. Nilitundika shuka jeupe ukutani, nikaziwasha zote tatu saa moja jioni, nikakaa na saa na daftari.

Namba Moja ina mwanga wa kutisha. Kwenye boksi wameandika saa mia moja. Baada ya dakika arobaini ikaanza kujipunguza yenyewe kimya kimya, na saa nne usiku ilikuwa inamulika kiasi cha kutafutia kiatu. Kumbe hizo saa mia ni pamoja na hizo za kutafutia kiatu! Watu hawa hawana aibu.

Namba Tatu ni nyepesi, unasahau kama umeivaa. Lakini betri yake imefungiwa ndani, haitoki. Ikiisha katikati ya msitu umevaa pambo.

Namba Mbili haina makeke. Ukiiweka mwanga wa kati inakaa palepale saa saba bila kutetereka. Betri inatoka, na nimeibadilisha macho yamefumbwa kwa sekunde ishirini na mbili. Tundu la chaji lina kifuniko cha mpira. Mwanga mwekundu una kitufe chake peke yake, kwa hiyo huwezi kumpiga mwenzako na mweupe usoni wakati unatafuta mwekundu.

Mama mdogo alichungulia mlangoni saa nane usiku. "Hujalala, unaangalia shuka?"

"Nafanya kazi, mama mdogo."

"Haya. Shuka likitembea niite."

Alhamisi, 6 Novemba

Namba Mbili imeshinda. Nimeimwagia ndoo nzima ya maji, nimeipima kwenye mizani ya jikoni, nimeiangusha kutoka mezani mara tano, na nimemvalisha Redio akalale nayo chini ya gari saa mbili akitengeneza ekzosi. Alisema haimbani paji la uso. Alisema na mengine mengi. Nimeandika ripoti ya kurasa mbili nikaituma kwa simu, nimesimama juu ya lile jiwe nyuma ya choo ambako ndiko mtandao unakopatikana. Mkuu akajibu: "Kazi safi sana." Nimeisoma mara nne.

Mama mdogo ameikataa. Ana taa yake ya zamani, ile ya mwanga wa njano, yenye waya unaoshuka mgongoni hadi kwenye betri kubwa kiunoni. "Hii nimeizoea," anasema. Nikamwambia dunia imeenda mbele. Akasema iende, ataikuta.

Mkuu ameamua hivi: tupokezane. Usiku mmoja anahesabu yeye na taa yake, usiku unaofuata nahesabu mimi na mpya. Njia ileile, saa moja na nusu ileile. Kwa mara ya kwanza nitatembea mbele.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Kanuni ni kwamba mvua ikinyesha hatuhesabu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama mdogo: komba saba. Alinyamaza njia nzima ya kurudi.

Jumapili, 9 Novemba

Mimi: kumi na wanne! Nilikuwa nawaita kwa sauti ya kunong'ona, "wawili kulia, juu, mita ishirini," na nyuma yangu nasikia kalamu yake inakwenda mbio. Mwaka jana wastani wake ulikuwa kumi na mmoja. Nimefika kambini najisikia, siwezi kusema uongo.

Jumanne, 11 Novemba

Mama mdogo: wanane.

Jumatano, 12 Novemba

Mimi: kumi na watano. Redio ananiita Macho Manne. Kasema mbele ya mama mdogo, na mimi nikacheka.

Jumapili, 16 Novemba

Siku nne za mvua. Paneli haipati jua, tunachaji kwa zamu: simu ya Redio, betri zangu, betri yake. Yeye hula umeme wa watu wawili na lile betri lake la kiunoni, na nimemwambia hivyo. Alichomoa waya wake akachomeka wangu.

Jumatatu, 17 Novemba

Mkuu amekuja kutwa, viatu safi, akaondoka matope mpaka magotini. Aliketi jikoni na jedwali langu, akapitisha kidole kwenye safu mbili. Saba, nane. Kumi na nne, kumi na tano. Akanitoa nje.

"Unaelewa maana ya hii?"

Nikasema nadhani naelewa.

"Komba wameongezeka. Na mama mdogo wako anaona nusu yao." Alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma kidogo. "Ana miaka hamsini na nane. Si kosa lake. Msimu ukiisha tutamuaga kwa heshima, na wewe utashika nafasi yake. Kesho nitawaandikia wafadhili habari njema."

Ningeweza kusema neno. Miaka miwili nimekula vumbi la nyuma, nikaandika namba za mtu mwingine, nikatumwa kama mtoto. Nikasema, "Asante, Mkuu."

Yeye ndiye aliyemwambia, si mimi. Kupitia dirisha nilimwona mama mdogo ameketi mikono mapajani, anatikisa kichwa taratibu. Nilitegemea vita. Alitoka akasema tu, "Huenda ni kweli. Macho yameanza kuchoka." Kisha akachambua mchele, uso mkunjufu kabisa, kama mtu aliyetua mzigo. Nikajiambia basi, mwenyewe alikuwa anataka kupumzika.

Alhamisi, 20 Novemba

Mama kapiga simu. Nimesimama juu ya jiwe na mwavuli.

"Nasikia unamfukuza mdogo wangu kazini."

"Mama, mimi sijamfukuza mtu."

"Basi nani anakalia kiti chake?"

Nikamweleza habari ya macho, jedwali, wastani. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sikiliza," akasema. "Huyo juzi juzi, kabla ya msimu, alikuwa hapa kwangu. Katoa mchanga kwenye mchele usiku umeme umekatika, na mshumaa mmoja. Macho gani hayo yamechoka?" Akakata. Mama siku zote huwa upande wa mdogo wake, nimezoea.

Jumamosi, 22 Novemba

Mama mdogo: saba. Alikuwa mchangamfu ajabu, ananionyesha nyayo za nungu njiani.

Jumapili, 23 Novemba

Mimi: kumi na sita. Nimeandika namba kubwa kuliko zote.

Jumatano, 26 Novemba

Lazima niandike yote, hata nikilala saa kumi.

Leo ilikuwa zamu yangu. Saa moja nachukua taa kwenye begi, ni ya moto. Nilisahau kufunga kitufe, ikajiwasha, imeshinda mchana mzima inamulika soksi zangu. Betri ya akiba haijachajiwa kwa sababu ya mawingu. Mimi niliyeandika kurasa mbili juu ya betri! Redio alicheka mpaka akakaa chini. "Macho Manne yamezimika yote."

Mama mdogo alikuwa na mafua, alishajifunika. Akatoa mkono nje ya blanketi, akanipa mkanda wake na lile betri zito. "Chukua. Usivute waya."

Redio akatembea nyuma kuandika. Nikaenda kwa hatua zilezile, nikapepesa kichwa kushoto na kulia vilevile. Alama ya kwanza ya njiani, hakuna. Ya pili, hakuna. Mwanga wa njano unapanda mti kidogo kisha unachoka, juu kunabaki giza tupu. Kwenye alama ya tisa, pale penye mti mkubwa ninapopataga wanne kila mara, sikupata hata jicho moja. Nikasimama pale mpaka Redio akauliza kama nimepotea.

Nimemaliza njia na komba saba.

Saba! Namba yake ileile. Nina miaka thelathini na moja, juzi tu nilihesabu kumi na sita.

Nimekaa hapa na fomu. Kuna kisanduku chini kabisa: "Aina ya taa." Nimerudi nyuma fomu zote za msimu. Sote wawili tumeandika "ya kichwani." Kila usiku, ya kichwani, ya kichwani. Hakuna aliyewahi kutofautisha, kwa sababu mpaka mwaka huu taa ilikuwa moja. Nilipima saa, uzito, maji, chaji, kuanguka. Kitu kimoja sikupima: taa inaona nini. Msitu haukupima macho yetu, ulipima taa zetu, na mimi nikachukua tofauti ya taa mbili nikambandika mama mdogo usoni.

Au nilikuwa nimechoka leo. Usiku mmoja si ushahidi. Nalala.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua. Redio ameuliza mbona niko kimya. Nikasema meno.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Mama mdogo kapona. Kanipikia uji kwa ajili ya meno yangu, nikaunywa wote huku naona aibu.

Jumanne, 2 Desemba

Bado mvua. Mkuu ametuma ujumbe: anakuja tarehe 11 na barua mbili, ya mama mdogo na yangu. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Redio kaiandika ile saba lakini kwake namba ni namba. Ningeweza kusema usiku ule kulikuwa na upepo. Nimeijaribu sentensi hiyo kichwani siku nzima na kila mara inakaa vizuri, ndicho kinachonitisha.

Na tena nianze kumwangalia vizuri mama mdogo. Miaka miwili nimesema ni mgumu, mbishi, hapendi mapya. Leo nimemwona akifuta kioo cha ile taa kwa kitambaa laini, kila siku anafanya, ndiyo maana mwanga wake mwaka wa tisa ni uleule wa mwaka wa kwanza. Katika kuhesabu, kutobadilisha kitu ndiyo kazi yenyewe. Mimi nikaita ushamba.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimemwambia. Jikoni, asubuhi, kabla sijaghairi.

"Mama mdogo, kesho mvua ikituacha, vaa taa mpya."

"Ya nini? Nimeshaambiwa naondoka."

"Nataka tujue kama ni macho yako au ni taa."

Akaweka sufuria chini. Nilidhani atafurahi. Alikasirika! "Niache na macho yangu. Mkuu kasema yamechoka, mimi nimekubali, wewe unapata nafasi. Unachokoa nini tena?"

"Nachokoa kwa sababu nimekosea."

"Basi kosea ukae kimya!" Katika maisha yangu sijawahi kusikia mama mdogo akisema hivyo. Akatoka nje kwenye manyunyu bila kanga kichwani. Mimi na Redio tukabaki tunatazamana.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua imekatika saa kumi jioni. Nilijua nina siku chache, nikambembeleza, nikapiga magoti jikoni kabisa. Akasema, "Inuka, unachafua sketi." Akakubali.

Tulikwenda wote watatu, taa zote mbili. Kwenye alama ya tisa, chini ya mti mkubwa, nikavaa ya zamani nikamulika juu, taratibu, tawi kwa tawi. Hakuna. Dakika hiyohiyo, bila mtu kusogeza mguu, nikamwambia awashe mpya.

Akainua kichwa. Mwanga mweupe ukapanda mpaka kileleni, na macho yakawaka.

"Wanne," akasema, kabla mimi sijafika wawili. Kisha: "Watano. Yule wa kushoto ana mtoto."

"Wapi?"

"Pale, nyuma ya jani lililopasuka. Toa kidole chako, unaziba."

Sikumwona yule mtoto mpaka aliporuka. Redio naye akasema, "Loo, shangazi, wewe ni bundi!" Yeye si shangazi yake kwa vyovyote, lakini usiku ule tulikuwa tumefurahi. Nilimkumbatia palepale na lile betri lake nililolivaa likanigonga mbavu. Yeye alikuwa bado anatazama juu, na hakucheka.

Akamaliza njia akiwa na kumi na saba. Zaidi yangu.

Jumapili, 7 Desemba

Tumepokezana tena ili nisije nikaambiwa ni bahati. Mimi na ya zamani: sita.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimeandika barua kwa Mkuu kwa mkono, kisha nimeipiga picha nikaituma kutoka juu ya jiwe. Nimesema: taa mpya inafika juu ya miti ambako ya zamani haifiki. Komba hawajaongezeka, tumeongeza mwanga. Namba zangu haziwezi kuwekwa karibu na za miaka minane iliyopita. Macho ya mama mdogo ni mazima, kuliko hata yangu. Niliyechagua taa ni mimi, niliyesahau kujaza kisanduku ni mimi, na niliyenyamaza tangu tarehe 26 ni mimi. Hilo la mwisho nililifuta mara mbili, nikaliandika tena.

Hakujibu.

Alhamisi, 11 Desemba

Mkuu alifika saa nne, hakunywa chai.

"Nimeshawaandikia wafadhili kwamba wameongezeka," akasema. "Unajua nitaonekanaje?"

"Najua."

"Na barua yako ya kupanda cheo ninayo hapa mkobani. Unajua hilo?"

"Najua, Mkuu."

Akazunguka meza. Akauliza kwa nini sikumwambia tarehe 27. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa naitaka ile barua. Akanitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta la kunitukana na akakumbuka kwamba safu zile mbili alizipitishia kidole yeye mwenyewe.

Mwisho akakaa. Mama mdogo anabaki kuwa mhesabu wetu, barua yake imechanwa. Yangu pia. Taa mpya itakuwa ya kutembelea njiani na kwa dharura. Kuhesabu kutaendelea na ya zamani, mpaka zitembezwe sambamba misimu miwili tujue moja ni sawa na ngapi ya nyingine. Na kuanzia leo kisanduku kinajazwa jina kamili la taa. Mimi narudi nyuma kuandika. Imeniuma, nisijifanye malaika. Lakini nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Ijumaa, 12 Desemba

Nilisubiri Mkuu aondoke ndipo nikamwendea mama mdogo. Alikuwa nyuma ya jikoni, anaanika mashuka.

"Unabaki," nikamwambia. "Amechana barua. Macho yako hayana tatizo lolote, amesema mwenyewe."

Nilitegemea kigelegele, au walau anitukane kidogo, maana nastahili. Akaendelea kubana shuka kwenye kamba.

"Kwa hiyo ile taa yangu ilikuwa sawa," akasema. "Msimu wote."

"Ilikuwa sawa kabisa."

"Nipe wastani wake."

Nilikuwa nao mfukoni. Niliuhesabu jana kwa ajili ya Mkuu, nikaufurahia kwa sababu ulituokoa, wala sikuutazama mara mbili. Zamu zake na zangu, zote za taa ya zamani. "Saba," nikasema.

"Na mwaka jana?"

"Kumi na mmoja."

Nikasikia nilichokisema. Mwezi mzima tumebishana ni nani anaona na nani haoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hao komba wanne waliopungua wamekwenda wapi. Yeye alikuwa ameuliza. Aliuliza tangu ule usiku wa kwanza aliporudi kimya, na Mkuu alipomwambia amezeeka, akapata jibu aliloweza kulala nalo.

Mama mdogo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kanga aliikunja mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Afadhali yangekuwa macho yangu," akasema.